Ushuru wa Jahazi Lililozama

Siku moja ya mwaka 2024, baada ya swala ya adhuhuri, kijana mmoja wa Kibokoni alipanda ngazi za afisi yangu, akanisalimia kwa adabu, akaketi, kisha akaweka mezani vitu viwili: simu yake, na karatasi za taarifa ya M-Pesa za mwaka mzima. Kijana huyu, ambaye babake na mimi tulisoma chuo kimoja, huendesha tuktuk baina ya Ngomeni na Mwembe Tayari. Katika simu palikuwa na ujumbe wa kampuni ya kubashiri mechi ukimpongeza kwa kushinda shilingi 15,000 kwa dau la shilingi 50. Zilizomfikia mkononi zilikuwa shilingi 12,010. Alitaka kujua ni nani aliyezichukua zile 2,990, na ni mahakama gani ya kumshitaki.

Nilimweleza kwamba hakuibiwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ilikuwa ikiamuru wakati ule kwamba asilimia 20 ya ushindi wa kamari na bahati nasibu ikatwe kabla ya mshindi kulipwa, na ipelekwe kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Akanyamaza kidogo, kisha akanisogezea zile karatasi. Alikuwa amezijumlisha kwa kalamu nyekundu. Katika miezi kumi na miwili alikuwa ameipelekea kampuni ile shilingi 31,000, na zaidi ya zile 12,010 haikurudi hata senti moja. Akaniuliza, "Ami, kwa hesabu ya serikali mimi nimeshinda. Kwa hesabu ya mama nimepoteza karibu elfu kumi na tisa. Ipi ndiyo hesabu ya sheria?"

Nimevaa joho la uwakili kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na nakiri mbele yenu, ndugu wasomaji, kwamba sikuwa na jawabu la kumridhisha. Nilikuwa na jawabu la kisheria, nalo ni kitu kingine. Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana yule, na kuwauliza wale wanaotunga sheria kwa jina letu swali lile lile aliloniuliza.

Sisi wa Mji wa Kale tuliulea ushuru kabla ya wengine wengi katika nchi hii kuusikia. Bandari ya Kale ilikuwa na forodha yake, na majahazi yaliyokuja kwa msimu wa kaskazi yalitozwa kwa kile yalichokishusha: tende, mazulia, chumvi, papa mkavu. Hilo lilifahamika na kila nahodha. Lakini mtoza ushuru hakumfuata nahodha ambaye jahazi lake limezama mbele ya Ras Serani akamdai ushuru wa shehena iliyolala chini ya maji. Ushuru ulikuwa juu ya kilichofika. Kodi ya pato ni hivyo hivyo: hutozwa juu ya faida iliyomfikia mtu, wala si juu ya hasara yake. Kijana wa Kibokoni alitozwa ushuru wa jahazi lililozama.

SHERIA ISIYOKAA KITAKO

Kwa miaka mingi jambo hili halikuwa kubwa. Sheria ya Kubahatisha, Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari, Sura ya 131, ilitungwa mwaka 1966, na wazee wetu waliijua bahati nasibu kama tikiti ya karatasi ya Kenya Charity Sweepstake iliyonunuliwa mara moja moja na kutiwa mfukoni mpaka siku ya droo. Kamari nyingine ilikuwa ya kasino, nayo ilikuwa ya watalii na wenye nazo. Mambo yaligeuka simu ilipokuwa benki ya maskini. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Kampuni ya SportPesa ilianza mwaka 2014, na nyingi zikafuata. Kuanzia hapo kasino ikaingia mfukoni mwa kila kijana, ikalala naye na kuamka naye.

Serikali iliona fedha zinapita, ikanyoosha mkono. Hilo si kosa. Kutoza kodi ni kazi ya serikali. Kosa ni namna mkono huo ulivyotikisika. Nifuateni kwa utaratibu.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya asilimia 20 juu ya ushindi. Kodi hiyo ikaondolewa, na Sheria ya Fedha ya 2016 ikaleta mpango mwingine uliowageukia wenye kampuni: asilimia 7.5 kwa michezo ya kubashiri, asilimia 5 kwa bahati nasibu, asilimia 12 kwa kasino na asilimia 15 kwa mashindano ya zawadi. Mwaka mmoja haukupita. Mswada wa Fedha wa 2017 ukataka asilimia 50 kwa wote. Bunge likakataa, Rais akaurudisha mswada na kupendekeza asilimia 35, na Bunge likakubali. Kiwango hicho kikaanza Januari 2018. Mwezi huo huo SportPesa ikatangaza kuacha kuzidhamini timu za hapa nchini. Kabla mwaka huo wa 2018 haujaisha, kiwango kilishushwa tena hadi asilimia 15, na ile kodi ya asilimia 20 juu ya mshindi ikafufuliwa kutoka kaburini.

Mwaka 2019 ukaongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 juu ya kila dau. SportPesa na Betin zikafunga milango yao nchini mwaka huo huo. Mwaka 2020 ushuru huo ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5. Desemba 2024 ukapanda hadi 15. Kisha Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza tarehe 1 Julai mwaka huo, ikaligeuza jambo zima chini juu: ushuru ukashushwa hadi asilimia 5 ya fedha mchezaji anazoziweka katika akaunti yake ya kubashiri, na badala ya asilimia 20 ya ushindi ikaja asilimia 5 ya kila fedha anazozitoa katika akaunti hiyo.

Hesabuni wenyewe. Katika miaka kumi na miwili kodi hii imegeuzwa si chini ya mara kumi. Nyumba ya mawe ya Ndia Kuu haijengwi kwa fundi anayeubomoa msingi kila mwaka. Sheria ya kodi ambayo wakili hana hakika nayo mpaka akague tarehe, mwananchi wa kawaida ataifahamu vipi? Na asiyeifahamu sheria atajuaje kama ametozwa kwa haki?

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kodi hii haitulii ilhali kodi nyingine hukaa miaka na mikaka. Jawabu nililolipata ni kwamba haikuwekwa juu ya msingi wowote. Siku moja tunaambiwa inawekwa ili kuwazuia vijana wasicheze. Siku ya pili tunaambiwa inawekwa ili kujaza hazina. Makusudio haya mawili hayalali kitanda kimoja. Kodi ikifaulu kuwazuia vijana, hazina itabaki tupu. Na ikifaulu kuijaza hazina, maana yake vijana hawakuzuilika. Serikali inayotia pato la kamari katika makisio ya bajeti yake haiwezi tena kuomba kwa moyo mmoja kamari ikome. Imekwisha kuwa mshirika katika mchezo.

HESABU YA ALIYESHINDWA

Sasa tuingie katika hesabu, kwa sababu dhuluma nyingi hujificha katika hesabu ambazo hakuna anayejishughulisha kuzifanya.

Chukueni mtu aliyecheza mara ishirini kwa shilingi 100 chini ya sheria ya 2023. Dau zake jumla ni 2,000. Mara kumi na tisa ameshindwa. Mara moja ameshinda na tikiti yake inalipa 1,500. Kwa hivyo katika mchezo wenyewe amepoteza 500, na hizo zimebaki kwa kampuni. Ushuru wa asilimia 12.5 juu ya dau zote ni shilingi 250. Kisha ile tikiti iliyolipa: hata tukimhesabia kwa wema, tukatoa dau la 100, ushindi ni 1,400, na asilimia 20 yake ni 280. Mtu huyu aliyetoka na hasara ya 500 ameilipa serikali 530. Kampuni iliyomchezesha imepata kwake kidogo kuliko serikali iliyokuwa ikitazama. Na katika zile 500 za kampuni, serikali inachukua asilimia 15 nyingine, yaani shilingi 75.

Tazameni upande wa pili. Mfanyabiashara wa Marikiti akileta magunia ya viungo, Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinamruhusu kuondoa gharama alizotumia kuzalisha pato lake, na hutozwa juu ya kilichobaki. Najua wapo wafanyabiashara wadogo wanaotozwa juu ya mauzo bila kuondoa gharama. Lakini hao hutozwa asilimia 3, si 20. Ni mchezaji pekee aliyehesabiwa kila siku ya mavuno kama kwamba siku za ukame hazikuwahi kuwapo.

Mataifa mengine yamelitafakari jambo hili yakafika mahali. Uingereza, ambayo tumerithi kwake sehemu kubwa ya sheria zetu, haimtozi mshindi wa bahati nasibu wala wa kubashiri. Tangu Oktoba 2001 iliondoa ushuru aliokuwa akilipa mchezaji juu ya dau, ikamtoza mwenye duka la kubashiri juu ya faida yake. Marekani hufuata njia nyingine: ushindi ni pato na hutozwa kodi kama pato lolote, lakini kwa miaka mingi sheria imemruhusu mlipa kodi, kwa masharti, kutoa hasara zake katika ushindi wake. Njia hizo mbili zinatofautiana, lakini kila moja ina hoja inayoweza kuelezwa kwa mtu mzima akaelewa. Ama utoze kampuni, ama umtoze mshindi kwa faida yake halisi. Sisi kwa miaka kadhaa tulishika njia ya tatu: tulitoza kampuni, tukatoza dau, tukatoza ushindi, wala hasara hatukuitazama.

Mtaniambia kwamba mwaka 2025 umeyaondoa hayo. Sitawaficha: kwa mchezaji mdogo mzigo umepungua. Yule wa mara ishirini, akiweka 2,000 na kutoa 1,500, atalipa 100 wakati wa kuweka na 75 wakati wa kutoa, jumla 175 badala ya 530. Hiyo ni nafuu, na anayeikana si mkweli. Lakini nafuu si haki, na ninazo sababu mbili za kusema hivyo.

Ya kwanza ni kwamba sheria mpya imeacha kabisa kuuliza kama mtu amepata au amepoteza. Mwenye kuweka shilingi 1,000 usiku, akaamka alfajiri akajuta, akazitoa bila ya kucheza hata mechi moja, atakatwa 50 wakati wa kuweka, zibaki 950. Na akizitoa atakatwa asilimia 5 nyingine, yaani 47.50. Ataondoka na 902.50. Hakucheza, hakushinda, hakushindwa. Ametubu, na toba yake imetozwa kodi. Sheria inayodai kuwaokoa vijana katika kamari imeweka mtoza ushuru katika mlango wa kutokea.

Ya pili ni nani aliyepata nafuu kubwa. Mtu aliyeweka dau la shilingi 100 akashinda milioni kumi, chini ya sheria ya kale angelipa shilingi 1,999,980. Chini ya sheria mpya anapozitoa atalipa 500,000. Ameokolewa takriban milioni moja na nusu. Mtu aliyepata utajiri wa usiku mmoja bila jasho, ambaye kama kuna mtu wa kutozwa kodi katika mchezo huu basi ni yeye, sasa anakatwa kwa kiwango kile kile anachokatwa mwendesha tuktuk anayetoa shilingi mia tatu za kununulia mafuta. Kifungu cha 201 cha Katiba yetu kinasema kwamba mzigo wa kodi utagawanywa kwa haki. Sioni haki hapo. Naona wepesi wa kukusanya, na wepesi si haki.

SANDUKU NI LA NANI?

Sasa nije katika jambo linalotuhusu sisi wa Mombasa hasa, ambalo sijalisikia likizungumzwa katika mikutano ya hadhara.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawanya kazi baina ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Sehemu ya Pili ya Jedwali hilo inazipa kaunti burudani za umma, na inataja waziwazi kamari, kasino na michezo mingine ya kubahatisha. Sehemu ya Kwanza inaipa serikali ya taifa kamari ya kiwango cha taifa. Kwa hivyo kazi hii ni ya pande zote mbili. Lakini fedha je? Kifungu cha 209 kinasema kodi ya mapato na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya taifa peke yake. Kaunti zimeachiwa kodi za ardhi na majengo, na kodi za burudani.

Tazameni basi jinsi jina linavyoamua sanduku. Ukiiita tozo ya kamari kodi ya burudani, kaunti ina hoja ya kudai fungu lake. Ukiiita ushuru wa bidhaa au kodi ya mapato, mlango umefungwa na ufunguo uko Nairobi. Kwa miaka yote hiyo tozo hii imebadilishwa viwango na misingi, lakini haikutoka mikononi mwa taifa. Kijana wa Kibokoni anachezea Kibokoni, anafilisikia Kibokoni, na deni lake linalipwa na mamake anayekaanga mahamri Kibokoni. Kodi yake inapanda gari moshi. Ni kweli kwamba Kifungu cha 203 kinazipa kaunti zote kwa pamoja fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini hilo hupimwa kwa hesabu za mwaka zilizokwisha kukaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na likitufikia limekwisha kuwa tone katika pipa. Hakuna awezaye kutuonyesha tone lipi ni la kamari.

Upo Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2018 ili fedha za kodi za michezo hii zirudi kwa wananchi. Wazo lenyewe ni jema. Lakini mfuko huo nao unakaa Nairobi, na uamuzi wa nani apewe nini unafanywa huko huko. Huu ni mji uliomtoa Feisal, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965, siku ambazo ligi ilikuwa bado changa. Vijana wanaocheza mpira Makadara jioni wana haki ya kuuliza: katika fedha zinazotolewa katika mitaa yetu kwa jina la mpira, ni kiasi gani kimerudi katika mpira wetu? Bila hesabu kuchapishwa kaunti kwa kaunti, hakuna wa kuwajibu.

WASEMAO NI HARAMU

Nikiyasema haya barazani, wazee huniuliza, "Wakili, kamari ni haramu. Kwa nini unajisumbua na kodi ya haramu? Mchezea tope humrukia." Nawaheshimu wazee wangu, na katika hukumu ya jambo lenyewe sina mjadala nao. Maisiri imekatazwa katika Sura ya al-Maida kwa maneno yasiyohitaji wakili wa kuyafasiri.

Lakini naomba wanisikilize. Kwanza, mimi sitetei kamari. Natetea watu wetu. Kijana aliyekosea hakuacha kuwa mwananchi, wala Katiba haisemi kwamba haki katika kodi ni ya wachamungu peke yao. Pili, fedha hizo zikishaingia katika hazina ya taifa hazina alama. Zinachanganyika na za muuza samaki, za mwalimu na za imamu, na kwa hizo hujengwa barabara tunayoipita sote kwenda msikitini. Asiyecheza naye ana haki ya kuuliza hazina ya nchi yake inasimama juu ya nguzo gani. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwenye kuichukia kamari ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuogopa serikali inayoitegemea. Kadiri pato hilo linavyokua ndivyo serikali itakavyoona uzito kuyagusa matangazo yanayowaandama watoto wetu katika redio, katika runinga na katika simu.

VYAMA VINGI, HOJA CHACHE

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Desemba 1991, Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa na nchi ikarudi katika mfumo wa vyama vingi. Nakumbuka wakubwa wakikumbatiana. Walifungwa na kuteswa watu ili tupate siku ile. Hawakuteswa ili tuwe na rangi nyingi za fulana. Waliteswa ili patokee Bungeni upande wa kusema "hapana", na wa kusema "hapana, na badala yake tunapendekeza hivi."

Sasa turudi katika mwaka 2017. Bunge lilikataa asilimia 50. Rais akaurudisha mswada. Bunge likakubali 35. Kifungu cha 115 cha Katiba kinahitaji thuluthi mbili za wabunge kuushinda uamuzi wa Rais anaporudisha mswada, kwa hivyo si rahisi, na Katiba ilikusudia isiwe rahisi. Lakini nauliza: katika mabadiliko yote haya, ni chama gani kilichopata kuandika katika ilani yake kwamba sisi tukichaguliwa tutaitoza kampuni na tutamwacha mchezaji, au tutamtoza mshindi mkubwa na tutamsamehe mdogo, kisha kikaja Mombasa kulitetea hilo mbele ya watu? Tumepiga kura mara kadhaa tangu 2013 na hakuna kura hata moja iliyokuwa juu ya jambo hili. Kodi inageuzwa kila mwaka na mpiga kura hasikii ila mlio wa simu yake ukimjulisha kwamba amekatwa.

Kwamba wananchi wamechoka na kodi za namna hii si siri tena. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Baina ya tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia katika majengo ya Bunge kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, na siku Rais alipokataa kuutia sahihi, palimwagika damu. Damu hiyo ilimwagika kwa sababu watu waliona kwamba wanatozwa bila ya kusikizwa. Chama cha siasa kinachostahili jina hilo kingeliisikia sauti ile kabla haijafika barabarani.

Kwa hivyo nayaweka mbele ya kila chama kitakachokuja kutuomba kura, chochote kile, madai manne.

Kwanza, kodi iwekwe kwa mwenye kampuni juu ya faida yake, na itulie kwa muda unaojulikana. Atakayetaka kuigeuza aeleze Bungeni, kwa maandishi, amepata ushahidi gani mpya.

Pili, kama ni lazima mchezaji naye atozwe, basi atozwe mshindi mkubwa peke yake, kuanzia kiasi kitakachotajwa na sheria, baada ya kuondoa alichopoteza katika akaunti hiyo hiyo ndani ya mwaka huo. Haliwezi kusemwa kwamba hesabu hiyo ni ngumu. Kampuni zinazo kumbukumbu za kila senti. Kijana wangu aliifanya hesabu yake kwa kalamu nyekundu.

Tatu, atakayetoa fedha zake mwenyewe ambazo hakuzichezea asikatwe chochote. Anayeuacha mchezo asaidiwe kutoka, asitozwe.

Nne, sehemu ya kodi hii ibaki katika kaunti ilikotozwa, itajwe kwa jina na ichapishwe kila mwaka, ili wakazi wa Mombasa, wa Kwale, wa Kilifi na wa Turkana wajue kilichotoka kwao na kilichorudi. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025 imekwisha kuizika ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kuusimamia mchezo huu. Kama Bunge limeweza kuandika upya sheria ya miaka karibu sitini, haliwezi kushindwa kuandika kifungu kimoja cha haki.

Kijana wa Kibokoni alirudi afisini kwangu mwaka uliofuata, baada ya sheria kugeuzwa. Hakuja na kesi. Alikuja kunijulisha kwamba ameifunga akaunti yake, na kwamba katika shilingi zilizosalia, alipozitoa, serikali ilimkata kwa mara ya mwisho. Alicheka alipokuwa akinisimulia. Mimi sikucheka. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameniuliza ipi ndiyo hesabu ya sheria, na nilikuwa bado sina jawabu.

Jawabu si langu, ndugu msomaji. Liko kwa yule atakayepanda jukwaa katika uwanja wa Makadara kuiomba kura yako. Mwache amalize ahadi zake za barabara na maji. Kisha nyanyua mkono, umuulize kwa adabu: Bwana mheshimiwa, jahazi likizama, nyinyi hutoza ushuru wa nini?